Kipimo cha Kidole

Watu wa Kitengela waliomjua Munyiva wangekuapia kwamba hana kijicho. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu madogo ya moto. Karakana yake ya pete ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na njia ambayo malori ya mawe hupita mchana kutwa yakitoka machimboni na kuacha vumbi jeupe juu ya kila kitu. Jirani akinunua gari, Munyiva ndiye wa kwanza kumpongeza. Mtoto wa mwenzake akipita mtihani, yeye ndiye anayepika pilau. Lakini binadamu hajijui mpaka aguswe pale panapouma, na pa Munyiva palikuwa kwenye pete.

Pete zake hukuziona kwa sonara wa kawaida. Alitengeneza majoka yenye mabawa, mafuvu yaliyovaa taji, macho ya paka, panga zilizojikunja zikawa duara. Wateja wake wengi walikuwa vijana wa Nairobi wanaopenda hadithi za falme zisizokuwako, wale wanaoshona mavazi ya wachawi na wafalme ili wakutane siku ya maonyesho. Kijana alimletea picha kwenye simu. Munyiva aliitazama mara moja, mara mbili, kisha akachukua shaba au fedha, akaikata kwa msumeno mwembamba kama uzi, akaigonga, akailehemu, akaipiga tupa, na baada ya siku tatu joka la kwenye picha lilikuwa kidoleni. Hata ungelitazama kwa kioo cha kukuzia usingeona mshono. Mlangoni aliandika kwa rangi nyekundu: LETA PICHA, UVAE PETE.

Naisula alikuja miaka mitatu kabla ya mambo haya. Alikuwa binti wa wafugaji wa Kajiado, wakati huo ana miaka ishirini na mitano, aliyefundisha uchoraji katika shule moja mpaka nafasi yake ikaondolewa. Alitaka kujifunza kulehemu. Munyiva alimfundisha bila kinyongo, kisha akampa benchi upande wa dirisha, wakawa wanatumia mashine moja na kunywa chai kutoka birika moja. Kila mmoja alikuwa na wateja wake. Naisula alimwita Mama Ndunge, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hakuketi asubuhi kabla ya kumwamkia.

Ila Naisula hakugonga chuma. Yeye alichonga nta. Alichukua kipande cha nta ngumu ya kijani, akakichonga kwa kisu kidogo siku nyingi, akakizika ndani ya plasta, akaiweka plasta tanuruni mpaka nta ikayeyuka ikatoka. Pale palipobaki utupu alimimina fedha ya moto. Na viumbe wake hawakutoka kwenye simu ya mtu. Wengine aliwapata katika hadithi za bibi yake, wengine sijui aliwatoa wapi: fisi mwenye mikono ya ajuza, ndege aliyebeba boma zima la manyatta mgongoni, zimwi la mguu mmoja wa nyama na mmoja wa jiwe. Kazi yenyewe haikuwa safi. Munyiva angeweza kukuonyesha mahali panne katika kila pete ambapo tupa iliteleza. Lakini watu wakizishika zile pete walinyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kulikoanza kumla Munyiva.

Mwezi wa sita walikwenda maonyesho Nairobi, wakapewa meza moja. Munyiva alipanga majoka yake kumi na mawili upande wa kulia, yakimetameta. Naisula alipanga pete tano upande wa kushoto. Kufika saa nne kulikuwa na watu wamebanana upande wa kushoto. Kijana mmoja aliyevaa joho la buluu na pembe za karatasi alisukumwa na wenzake akajikuta upande wa Munyiva. Kwa adabu akachukua joka, akalivaa, akaligeuzageuza.

"Iko poa sana, madam," akasema. "Ni kama nimeiona mahali."

Akalirudisha mahali pake, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto kwa mamake, akarudi kwenye msongamano.

Mwanamke aliyeuza mikoba meza ya pili alicheka. "Ndio maana wanasema chema chajiuza," akamwambia Munyiva, akimwonyesha Naisula kwa kidevu. "Huyo msichana wako ako na mkono."

Munyiva alicheka pia. Kicheko chenyewe kilimkwama kooni kama mfupa wa samaki, na jioni walipokuwa wakifunga mizigo kilikuwa bado hakijateremka.

Tangu siku hiyo alianza kusikia vitu ambavyo zamani hakuvisikia. Alisikia Naisula akiimba kwa sauti ya chini akichonga. Alisikia simu yake ikilia, mteja baada ya mteja. Siku nyingine, Naisula akitoka kununua maziwa, Munyiva aliinuka akaenda kwenye ile benchi ya dirishani, akashika kipande cha nta na kisu, akangoja. Hakuna kilichokuja. Mikono yake, iliyoweza kufuata mstari wowote duniani, ilikaa pale kama mikono ya mgeni asiyejua aketi wapi. Aliweka kisu chini kabla mlango haujafunguliwa.

*

Wiki ya pili ya mwezi wa saba, asubuhi yenye baridi ya kuuma masikio, walikuja wachumba wawili. Mwanamume alikuwa Leshan, daktari wa mifugo, na mwanamke Nanjala, muuguzi kutoka Bungoma aliyefanya kazi katika hospitali moja ya Kajiado. Walikutana kwa sababu wote wawili walichora. Walikuwa wametunga nchi yao wenyewe, yenye ramani na wanyama na sheria zake, daftari saba nzima. Sasa walitaka kuoana kwa pete za nchi hiyo.

Walimwendea Munyiva moja kwa moja, maana Nanjala alinunua pete kwake alipokuwa chuoni.

"Karibuni," Munyiva akasema, akapangusa viti. "Mmekuja na picha?"

Walitazamana, wakacheka. "Picha hatuna, Mama," Leshan akasema. "Tuko na maneno tu. Katika nchi yetu kuna kiumbe, mwenye kupotea akimfuata anafika kwenye maji. Lakini hatujawahi kuweza kumchora. Kila tukijaribu anatoka vibaya."

"Bila picha nitajuaje anafanana na nini?"

Nyuma yake, kwenye benchi ya dirishani, ule wimbo wa chini ulikuwa umekatika. Naisula alikuwa amegeuza kipande cha msasa na anachora upande wa nyuma kwa penseli. Hakusema kitu. Mteja hakuwa wake, na heshima yake ilimzuia. Lakini Nanjala aliona mkono ukienda, akanyanyuka, akasogea.

Aliyechorwa alikuwa swala mwenye shingo ndefu, mmoja wa wale wanaosimama kwa miguu ya nyuma kula majani. Pembe zake ziliendelea kukua zikawa matawi ya mgunga, matawi yakazunguka kidole kizima, yakashuka kwenye mgongo wake mwenyewe, hata hukujua mnyama anaishia wapi na mti unaanzia wapi.

Nanjala aliweka mkono mdomoni. Leshan alikuja akasimama nyuma yake. Hakuna aliyezungumza.

"Naisula," Munyiva akasema mwishowe, kwa sauti laini kuliko alivyohitaji, "wahudumie wageni wako."

"Mama Ndunge, ni wako. Mimi nilikuwa nachezacheza tu."

"Nimesema wahudumie."

Akarudi kwenye joka lake, akawasha moto wa gesi, akaulehemu ubawa ambao ulikuwa umelehemiwa jana yake.

Vidole vilipimwa siku hiyo hiyo kwa kishada cha pete za chuma za kupimia, kila moja na namba yake. Leshan alikuwa kumi. Nanjala alikuwa saba, lakini Naisula alitikisa kichwa. Vidole hunywea kwa baridi, na pete kama hii, iliyochongwa mzunguko mzima, haina mahali patupu pa kukata na kupanua. Ikikosewa, imekosewa. "Lazima tupime tena siku ya jua, mchana," akasema.

Siku nane baadaye jua lilitoka. Munyiva alikuwa na safari ya Kajiado kupeleka pete ya mteja wake, na Naisula alikuwa katikati ya kuandaa tanuru. "Mama Ndunge, tafadhali nipimie Nanjala. Nakuamini kuliko hata mimi mwenyewe."

Alimkuta Nanjala nje ya wodi saa ya chakula, wakakaa kwenye benchi ya saruji. Munyiva alitoa kishada. Saba iligoma kwenye kifundo. Saba na nusu ikapita kwa kuumiza. Nane ikapita vizuri, ikakaa, ikazunguka kidogo bila kudondoka, kama inavyotakiwa.

"Nane," Munyiva akasema.

"Sijalala vizuri tangu nione ile picha," Nanjala akasema, macho yakimeremeta. "Mama, yule dada Mungu alimpa kitu. Nimetafuta yule kiumbe miaka minne, yeye amemtoa kwa dakika tano nyuma ya msasa! Wewe ndio ulimfundisha, sindio? Lazima unaona fahari sana."

"Sana," Munyiva akasema.

Alipokuwa akitoka langoni simu yake iliita kwa meseji. Naisula: *Umempima? Ni ngapi?*

Kuna watu wanaofanya ubaya wakiwa wameupanga wiki nzima. Munyiva hakupanga. Alisimama kando ya mama mmoja aliyeuza ndizi, akatazama lile swali, na kile kilichokwama kooni tangu mwezi wa sita kikashuka kwenye vidole. Aliandika: *Ni ile ile saba.* Akatuma. Kisha akanunua ndizi mbili ambazo hakuzila.

*

Uongo wa neno moja ungefutwa kwa neno moja, na Munyiva alijiambia ataufuta kesho. Kesho ilipofika Naisula alikuwa ameanza kuchonga pete ya Nanjala. Keshokutwa swala alikuwa na masikio. Ikawa kila siku inayopita inauongezea ule uongo uzito, kama mchanga kwenye gunia, na yeye ndiye mbebaji.

Naisula alichonga wiki tatu. Mara ya kwanza fedha haikufika kwenye ncha za matawi, kiumbe akatoka bila pembe. Alilia kidogo, akapangusa macho kwa kiganja chenye nta, akaanza upya. Macho yalimwiva. Munyiva alimtazama akiinama pale dirishani na moyoni mwake kukawa na watu wawili. Mmoja alitaka kupaza sauti: acha, acha, kipimo si hicho! Wa pili aliketi kimya akisubiri, na kusema kweli, huyo wa pili alikuwa na furaha. Furaha yenyewe ilimtisha.

Alasiri moja Naisula alimletea nta ya pili kwenye kiganja, ikiwa tayari kuzikwa kwenye plasta. "Mama Ndunge, niambie ukweli. Iko sawa?"

Munyiva aliishika. Swala alikuwa amegeuza kichwa kidogo, kama anayeangalia kama unamfuata. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kupita katika ile karakana, na kazi za Munyiva zikiwamo. Wivu ulimkamata. Kama angalau ingekuwa mbaya! Angesema.

"Iko sawa," akasema.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Alhamisi kabla yake Naisula alipeleka pete Kajiado, nyumbani kwa bibi yake nje kidogo ya mji, kwa sababu mzee alitaka kumwona yule swala kabla hajavaliwa, na wachumba wangekuja kuzijaribu huko huko. Alimsihi Munyiva waende pamoja, na Munyiva akakosa sababu ya kukataa.

"Takwenya," bibi alimsalimu kwa Kimaa, akimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Iko," Munyiva akaitikia.

Mzee huyo, ambaye wote walimwita Koko, aliweka pete karibu na jicho lake zima, akaitazama kwa muda mrefu, akaisemesha kitu kwa Kimaa kama anayesalimiana na mtu wa zamani. Leshan alivaa yake, ikaingia. Kisha Naisula akaishika ile ndogo, akaivisha kwenye kidole cha Nanjala kwa mkono wake mwenyewe, akitabasamu.

Ilifika kwenye kifundo ikasimama.

Walicheka. Nanjala akalamba kidole, akasukuma. Wakaleta sabuni. Wakaleta mafuta ya kupikia. Ngozi ya kifundo ikachubuka, damu kidogo ikachomoza juu ya povu, na kicheko kikawa kimekwisha zamani.

"Nimenenepa?" Nanjala akauliza. "Lakini Mama Ndunge alinipima tena, na jua likiwa kali. Alisema—"

Macho yote yakamgeukia Munyiva. Akafungua mdomo.

"Alinipatia kipimo sawa," Naisula akasema haraka. "Ni mimi niliandika vibaya. Kosa ni langu. Pole, dada. Pole sana."

Leshan alitoka nje. Nanjala alifunika uso. Koko hakumtazama mjukuu wake. Alimtazama Munyiva, kwa lile jicho moja, bila hasira, kama anavyotazamwa ng'ombe ambaye haeleweki anaumwa nini.

Munyiva alitoka kwa mlango wa nyuma. Ilikuwako kandokando ya boma migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi, na upepo ulikuwa ukipita kwenye vile vitundu ukipiga mbinja. Naisula alimfuata, akasimama hatua tano nyuma yake.

"Mbona umesema ni wewe?" Munyiva akauliza.

"Wewe ni mkubwa wangu. Sikutaka uaibike mbele ya Koko. Meseji yako niko nayo, nilijua si mimi. Nikafikiri umechanganya namba, mtu huchanganya." Akasogea hatua moja. "Nikafikiri hivyo mpaka nikaona uso wako pale ndani. Hukuchanganya."

"La."

"Wiki tatu, Mama Ndunge. Nimechonga mara mbili. Ulikuwa unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama."

"Nimekukosea nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Munyiva alikuwa akilikimbia. Angependa kuwa na jibu: dharau fulani, neno baya, mteja aliyeibwa. Alitafuta, hakupata hata moja. "Hujanikosea," akasema. "Mimi siwezi kufanya unachofanya. Miaka kumi na tisa niko kwa hii kazi, na siwezi. Basi."

Naisula alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua. Upepo ukapiga mbinja zake. Mwishowe Munyiva alisema, "Nipe pete. Nitaikata niipanue. Mshono hautaonekana."

"Nikupe? Wewe?"

"Hakuna mwingine anayeweza kabla ya Jumamosi. Unajua."

Naisula alijua, na kujua huko ndiko kulikomtoa machozi ambayo kosa lenyewe halikumtoa.

*

Ijumaa asubuhi walikuwa karakana Kitengela. Naisula hakumwamkia. Alivuta kiti akakaa kando ya benchi ya Munyiva, karibu kabisa, mikono kifuani, akawa anaangalia kila anachofanya.

Munyiva alipeleka msumeno chini ya tumbo la swala, pale mkia ulipokutana na ncha za matawi. Uzi wa chuma ulipoingia kwenye fedha Naisula alifumba macho. Pete ikafunguka. Munyiva akaipanua juu ya fimbo ya chuma mpaka kwenye alama ya nane, na likabaki pengo, upana wa punje ya mtama. Akakata kipande cha fedha, akakilinganisha, akakirudisha kwenye tupa, akakilinganisha tena, akapaka boraksi ya kusafishia kiungo, akaweka chembe za kilehemu, akawasha moto. Fedha ikawa nyekundu kama kaa, kilehemu kikakimbia, kikatulia. Alipoitumbukiza majini ikalia *chii*. Mshono haukuonekana.

Lakini pale palipojazwa palikuwa tupu. Mzunguko mzima ni ngozi na magome na miiba, halafu ghafla kiraka laini, kama upara.

"Nichonge nini hapa?" Munyiva akauliza.

"Sijui."

"Nichoree kitu nitakifuata."

"Hapana," Naisula akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu hivyo tangu wajuane. "Pengo ni lako. Lijaze mwenyewe."

Munyiva alikaa na patasi mkononi. Malori yalipita. Chai ilipoa. Alisikia aibu ya mtu mzima aliyepewa kalamu mbele ya watu na hajui kuandika. Hakuna picha. Hakuna simu ya mtu. Alifikiria majoka yake yote na hakuna hata moja lililojitolea kumsaidia. Kilichokuwa kichwani mwake ni jana tu: upepo, ile aibu, na zile mbinja zilizokuwa zikimzomea kutoka kwenye miti.

Akainama. Alichonga kinundu kimoja cha mgunga, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Kando yake akachonga cha pili, na cha tatu. Kisha akachukua keekee nyembamba kuliko zote alizonazo, akatoboa kila kinundu kitundu kimoja, cha sisimizi, cha upepo.

Naisula alichukua kioo cha kukuzia. Alitazama muda mrefu. Munyiva, Mungu amsamehe, alikuwa akisubiri kusifiwa.

"Itapita," Naisula akasema. Akaifunga pete katika kitambaa, akaondoka.

Jumatatu alirudi na gari la mizigo kuchukua benchi yake, tanuru lake na vyombo vyake vya nta. Harusi ilikuwa imefana, pete ilikuwa imeingia, hakuna aliyeuliza zaidi. Munyiva alimsaidia kubeba. Mlangoni alimwambia, "Nimekukosea, Naisula. Nakuomba msamaha."

"Nimekusamehe, Mama Ndunge. Nilikusamehe Jumapili, kanisani, kwa kweli." Alikuwa ameshika mkia wa kamba ya kufungia mizigo, akiuzungusha kidoleni. "Lakini siwezi kukaa tena na mgongo kwako nikifanya kazi."

Gari likaondoka. Dirishani pakabaki alama nne za miguu ya benchi kwenye vumbi.

*

Msamaha ule haukumpa Munyiva usingizi. Jambo moja lilimkera zaidi ya yote: kule Kajiado Naisula bado alikuwa ndiye aliyekosea kipimo. Watu wa harusi walilijua hilo. Leshan aliwaambia wenzake, na wenzake wakawaambia wenzao, kwamba yule dada ni msanii kweli lakini hesabu hana, ujihadhari. Munyiva alilisikia kwa mteja wake mwenyewe. Na alipolisikia, kabla ya huzuni kuja, ilikuja ile furaha ya siri, fupi, chafu. Aliijua sasa. Hakuibishia. Alifunga karakana mchana kweupe akaenda Kajiado.

Nanjala alimpokea kwenye ile ile benchi ya saruji. Munyiva hakuzunguka mbuyu. Alimweleza meseji ilivyoandikwa, ilivyotumwa, na kwamba Naisula alichonga wiki tatu akifuata uongo huo.

Nanjala aliitazama pete kidoleni mwake. Vile vinundu vitatu vilikuwa upande wa kiganja, na dole gumba lake likawa linavipapasa bila yeye kujua.

"Sikujua mtu anaweza kukushika mkono akupime kidole huku anakuchukia," akasema.

"Sikukuchukia wewe."

"Lakini kidole kilikuwa changu, Mama." Akainuka, akanyoosha sare yake. "Nitawaambia watu ukweli. Sasa nirudi, wagonjwa wananingoja."

Hakumpa mkono.

Munyiva alitembea kuelekea stendi akiwa mwepesi na mwenye aibu kwa pamoja. Naisula alikuwa amefungua duka lake upande wa pili wa soko, chumba kimoja chenye dirisha la kioo, na njia ilipita hapo hapo. Alikuwa amekusudia asigeuze shingo. Aligeuza.

Pete kama kumi zilipangwa kwenye ngozi ya mbuzi. Kulikuwa na mamba aliyebeba vifaranga vya kuku, na mwanamke mwenye nywele za moshi. Wasichana wawili walikuwa ndani, wamenyamaza. Wivu ulimuuma Munyiva kama siku ya kwanza, haukupungua hata punje. Alisimama akauacha umuume.

Kisha jicho lake la fundi likaona kitu. Yule mwenye nywele za moshi aliungwa nyuma kwa kilehemu, na kile kiungo kilikuwa na rangi ya kijivu, kimepauka. Hakikushika. Mwezi mmoja kidoleni na ingekatika, mteja angerudi akilalamika. Moyo ulimruka kwa furaha, na furaha ikamchoma.

Alingoja wasichana watoke. Akasukuma mlango, akabaki pale kizingitini.

"Hodi, Naisula."

Naisula aliinua kichwa. Kisu cha nta kilisimama hewani. Hakusema karibu.

"Ile yenye nywele, usiiuze," Munyiva akasema. "Kiungo cha nyuma kitaachia. Moto wako ulikuwa mdogo."

Naisula aliichukua pete dirishani, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga. Alijaribu kukipinda kile kiungo kwa ukucha, na kikalia *ta* kidogo, kikafunguka.

Alivuta mtungi wa gesi karibu, akawasha moto, akaurekebisha mpaka ulimi wake ukawa mwembamba wa buluu.

"Nionyeshe," akasema, bila kumtazama. "Lakini simama hapo hapo ulipo."

"Uongeze kidogo," Munyiva akasema kutoka mlangoni. "Kidogo tena. Sasa usiupeleke kwa kiungo. Anza mbali, uzunguke."